Saratani ya Tumbo: Tezi za Kuhesabiwa Baada ya Upasuaji
Mnamo Januari 1881, jijini Vienna, Theodor Billroth alikata sehemu ya mfuko wa chakula yenye saratani. Jeraha la mgonjwa lilipona. Miezi 4 hivi baadaye alifariki kwa ugonjwa uleule, uliokuwa umekwisha kuenea. Umri, lishe na usafi wa kingo za mkato vina uzito wake, lakini uhai hutegemea zaidi kina cha uvimbe na idadi ya tezi za limfu zilizovamiwa. Ndiyo maana maabara hutakiwa kuchunguza tezi zisizopungua 15. Zikichunguzwa 5 tu, zote zikaonekana safi, jibu hilo huifariji familia kuliko linavyostahili, na mgonjwa aweza kukosa tibakemikali aliyoihitaji.