Kutu Yala Bunduki

Hapa Nguba, kando ya Ziwa Kivu, mvua za Septemba hadi Mei hazikiachi chuma kistarehe. Wazee husema kwamba bunduki ya marisau ya zamani ilidumu, bali ya siku hizi yaota kutu msimu wa kwanza. Je, wazee wajisifia ujana wao tu? La, wana haki.

Weusi wa mtutu ni kutu yenyewe iliyofugwa. Zamani mafundi wa Liège, Ubelgiji, walipaka mtutu dawa kali, wakauacha uote kutu nyekundu, wakauchemsha majini hata kutu ikageuka nyeusi, wakausugua. Kisha wakaanza tena, siku baada ya siku. Sasa viwanda vingi huutumbukiza katika soda kali yenye joto la digrii 140 hivi, na kazi yaisha kwa nusu saa. Si vibaya, ikiwa chuma kimesuguliwa kwanza hata king'ae kama kioo. Lakini kusugua ni gharama! Basi mitutu mingi hupigwa changarawe ndogo tu, ikabaki na uso mkwaruzo unaoshika maji na jasho la mkono.

Nasi tulikosa pia: tuliifungia bunduki yenye unyevu katika mfuko wa ngozi, tukaikuta nyekundu. Ngozi hutunza maji. Ifutwe, ipakwe mafuta, isimamishwe penye hewa. Tena mtutu utazamwe ndani kabla ya kutia risasi. Ukilika sana waweza kupasuka mkononi.