Wanafunzi wazazi Unguja

Wanafunzi wazazi ni wanafunzi wa vyuo na vyuo vikuu wanaosoma huku wakilea watoto wao wenyewe. Makala hii inahusu hali yao katika kisiwa cha Unguja, Zanzibar: namna familia zinavyowasaidia, sheria zinazowagusa, na yale ambayo chuo chenyewe kinaweza kufanya. Wengi wanaozungumzwa chini ya jina hili ni akina mama, lakini wamo pia akina baba, hasa walimu na wauguzi waliokwisha kuajiriwa wakarudi masomoni wakiwa na familia.

Neno "chuo" lina maana mbili Zanzibar. Mtu akisema "mtoto kaenda chuoni", msikilizaji wa Mji Mkongwe ataelewa kwanza kwamba mtoto yuko madrasa anasoma Kurani. Kwa hiyo katika nyumba moja mama anaweza kuwa na chuo chake na mtoto akawa na chake, na mara nyingi ni hicho cha mtoto kinachompa mama saa mbili za kusoma kwa utulivu.

Vyuo na masafa

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Makao yake makuu yako Tunguu, Wilaya ya Kati, na kampasi zake nyingine za Unguja zimetawanyika: Vuga pembezoni mwa Mji Mkongwe, Beit el Ras, Mbweni, Maruhubi, Chwaka na Kizimbani. Mwaka 2016 taasisi kadhaa za serikali, zikiwemo za afya, utalii, uandishi wa habari na fedha, ziliunganishwa nacho. Zipo pia Zanzibar University iliyoko Tunguu, Chuo Kikuu cha Sumait kilichoko Chukwani, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Mbweni.

Mtawanyiko huu una uzito mkubwa kwa mzazi kuliko kwa mwanafunzi mwingine. Anayesoma Vuga na kuishi Michenzani, Kikwajuni au Mji Mkongwe anaweza kurudi nyumbani kati ya kipindi na kipindi, akanyonyesha, akawahi darasa la pili. Anayesoma Tunguu na kuishi mjini hawezi. Daladala ya kwenda na kurudi inamaliza muda wote wa mapumziko. Anayetoka Nungwi au Makunduchi hulazimika kuchagua baina ya kupanga chumba karibu na chuo, kukaa kwa jamaa mjini, au kumwacha mtoto shamba kwa bibi yake na kumwona mwisho wa wiki. Dahalia nazo zimejengwa kwa kumfikiria mtu asiye na mtoto: chumba kimoja watu kadhaa, choo cha pamoja, na hakuna pa kuchemshia uji usiku.

Msaada wa nyumbani

Msaada mkubwa anaoupata mwanafunzi mzazi Unguja hautoki chuoni wala serikalini. Unatoka kwa mama yake, mama mkwe, dada, shangazi na majirani.

Kwa desturi, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, na kwa mtoto wa kwanza mara nyingi huzikaa kwao, kwa mama yake mzazi. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu, na hazuiliwi kulala mchana. Mtoto huogeshwa na watu wazima wa nyumba. Kwa mwanafunzi, arobaini hii ni neema na ni tatizo kwa wakati mmoja. Mwili unapona na mtoto anazoea kunyonya, lakini mihula haifuati kalenda ya uzazi. Wiki sita ni sehemu kubwa ya muhula mmoja, na akijifungua wiki chache kabla ya mitihani, familia itamwambia akae na ratiba itamwambia aje. Zipo nyumba zinazokubali atoke kwa mtihani tu, akisindikizwa na mtu wa kumshikia mtoto nje ya ukumbi. Nyingine hazikubali, na hapo huahirisha.

Ugumu wenyewe huanza baada ya arobaini. Skuli za maandalizi za Zanzibar, ambazo Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliziingiza katika elimu ya lazima, humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Vituo vya jamii vya "Tucheze Tujifunze", vinavyojulikana kama TuTu, na skuli za maandalizi zilizotokana na mpango wa madrasa wa Aga Khan Foundation, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, navyo huwalenga watoto wa umri huo wa kabla ya darasa la kwanza. Kuanzia siku ya arobaini hadi mwaka wa nne hakuna mahali rasmi pa kumpeleka mtoto isipokuwa vituo vichache vya kulipia vya mjini. Shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka mitatu, kwa hiyo inaweza kuisha yote ndani ya pengo hilo.

Pengo huzibwa na bibi, au na msichana wa kazi. Bibi ni msaada wa kutegemewa mpaka anapougua au anapokuwa naye anauza vitumbua asubuhi. Msichana wa kazi hulipwa mshahara, na si ajabu kukuta kwamba yeye mwenyewe ni binti aliyeacha skuli. Jambo hili hutajwa kwa nadra pale msaada kwa wanafunzi wazazi unapojadiliwa, ingawa linastahili kutajwa.

Kunyonyesha na masomo

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kurani nayo, katika Sura ya al-Baqara, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na kwa Waislamu wa Unguja kipimo hiki kina nguvu kuliko bango lolote la hospitali. Mwanafunzi anayekaa darasani tangu asubuhi hadi alasiri hawezi kutimiza miezi sita hiyo bila kukamua maziwa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kiasi cha saa nne katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku nne hivi ndani ya friji. Joto la mchana Unguja hupita nyuzi 25 karibu mwaka mzima, na wakati wa kaskazi hupita 30, kwa hiyo saa nne zisihesabiwe kwa ukamilifu. Asiye na friji chuoni anaweza kutumia chupa safi yenye kifuniko ndani ya kikapu cha barafu. Mlezi wa nyumbani hushauriwa kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo badala ya chupa ya chuchu, kwani kikombe husafishika kwa urahisi. Kinachohitajika chuoni ni kidogo mno: chumba chenye mlango unaofungwa, kiti, maji ya kunawa na friji ndogo. Penye kukosekana hicho, wanafunzi hukamua chooni au katika chumba cha kuswalia wanawake. Hapo pa pili panafaa zaidi kwa usafi na stara, ila hapakuwekwa kwa kazi hiyo.

Sheria

Elimu ya skuli Zanzibar husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi, lakini elimu ya juu ni jambo la Muungano. Vyuo vikuu vya Unguja kwa hiyo viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, sawa na vya Dar es Salaam au Mwanza. Tofauti hii huchanganya watu wanapozungumzia wanafunzi wajawazito.

Kufukuzwa masomoni kwa ajili ya mimba lilikuwa suala la skuli. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kuwafukuza wasichana, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba waliozaa wasingerudi katika shule za serikali. Msimamo huo uliondolewa tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wataruhusiwa kurudi, na ukafuata Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuwaruhusu warudi baada ya kujifungua. Kenya iliweka sera ya namna hiyo mwaka 1994.

Historia ya Zanzibar ina upande mwingine. Sheria ya mwaka 1985 ilimfanya mwanamke asiyeolewa aliyepata mimba kuwa mkosaji wa kustahili kifungo. Sheria Na. 4 ya mwaka 2005, inayohusu ulinzi wa wari na watoto wa mzazi mmoja, iliifuta na kuondoa kifungo, ikaweka kazi za kijamii. Msichana wa chuo aliyepata mimba nje ya ndoa leo hafungwi, lakini kumbukumbu ya sheria ile bado imo vichwani mwa wazee, na ndiyo sababu mojawapo ya wengine kuficha mimba hadi mwisho na kuchelewa kuanza kliniki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 (Na. 6) inaweka wajibu wa wazazi kumtunza mtoto. Kwa Waislamu, mambo ya ndoa, talaka na malezi huamuliwa katika mahkama za kadhi. Nafaka ya mtoto ni juu ya baba, na hadhana ya mtoto mdogo kwa kawaida ni ya mama. Mama kuwa mwanafunzi hakumwondolei baba wajibu wa nafaka. Mwenye madai ya namna hii anaweza kupata ushauri katika Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, au kwa Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar (ZAFELA).

Lipo pia suala la ahadi ya ndoa. Wazazi wengi wa binti anayesoma humwambia mposaji kwamba binti ataendelea na masomo, na mposaji hukubali mbele ya wazee. Ahadi hii mara nyingi ni ya mdomo, na huanza kupingwa anapozaliwa mtoto wa kwanza. Wenye busara huitaja wakati wa posa pamoja na swali la pili ambalo husahauliwa: nani atamlea mtoto saa za masomo, na nani atamlipa mlezi.

Mwanafunzi mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Mafundisho ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, humruhusu kutoka mchana kwa haja. Kama mtihani ni haja, ni jambo la kumuuliza kadhi au mwanachuoni mapema, si asubuhi ya mtihani.

Fedha

Wanafunzi wa Unguja hupata mikopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, au kutoka bodi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo hupangwa kwa mafungu kama ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Mtoto hana fungu. Kwa hiyo bumu likiingia, pesa ya chakula cha mmoja hununua pempasi, dawa na nauli ya mlezi.

Anayeahirisha masomo husimamishiwa fedha hadi arudi, na kurudi kunataka barua. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba somo nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Aliyekosa muhula mmoja kwa uzazi hujikuta amepoteza mwaka mzima, kwa kuwa lazima angoje somo lile lile lirudi. Ndiyo maana baadhi hufanya mtihani wakiwa na mtoto wa wiki mbili.

Hatua za chuoni

Mwanafunzi anayetarajia kujifungua hushauriwa aandike mapema kwa mlezi wa wanafunzi na kwa mkuu wa idara, akiambatanisha cheti cha kliniki, kabla ya kukosa kipindi hata kimoja. Anayeandika baada ya kukosa mtihani huonekana mtoro, na anayeandika kabla huweza kupewa mtihani maalumu, ambao alama zake hazikatwi kama za mtihani wa marudio. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo mtego unaosahaulika. Mwanafunzi wa ualimu au uuguzi anaweza kupangiwa Pemba au mkoa mwingine, na mtoto wa miezi mitano hasafiri peke yake wala haachiki. Ombi la kupangwa karibu na nyumbani ni dogo, na halihitaji bajeti.

Wengine huchagua Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kina vituo Unguja na Pemba na humruhusu mtu kusoma akiwa nyumbani. Kinampunguzia mzazi safari, lakini usiku wa kusoma mtoto akilia haukipunguzi.

Kwingineko

Nchini Ujerumani, sheria ya kulinda wazazi wanawake imewajumuisha wanafunzi tangu tarehe 1 Januari 2018, na mashirika ya huduma za wanafunzi huendesha vituo vya kulelea watoto. Norwei hulipa ruzuku ya uzazi kwa mwanafunzi kupitia mfuko wa mikopo ya elimu. Uingereza, kwa wanafunzi wa England, ina ruzuku ya malezi ya mtoto inayokwenda pamoja na mkopo. Marekani, takriban mmoja kati ya wanafunzi watano wa shahada ya kwanza ana mtoto, na tangu 1998 serikali kuu ina mpango wa kufadhili malezi ya watoto vyuoni.

Afrika ya Mashariki, sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea kazini. Chuo kikuu ni mwajiri, hivyo mhadhiri na mfagiaji wanahusika. Mwanafunzi anayekaa katika jengo lile lile hatajwi.