Kubadili Picha Mtandaoni: Faili Lako Linakwenda Wapi?

Mtahiniwa, kama bado hujakutana na hali hii, utakutana nayo muda mfupi baada ya mtihani. Umepiga picha cheti chako cha kuzaliwa kwa simu ili ukiambatishe kwenye maombi ya chuo, na fomu inakataa. Inataka JPEG, picha yako ni HEIC. Au inataka picha ndogo, yako ina megabaiti 4. Unatafuta tovuti inayobadili picha bure, unaweka cheti, unabofya, na baada ya sekunde chache unapakua faili jipya. Mada hii inahusu sekunde hizo chache.

Anza na miundo ya mafaili, kwa sababu huchanganya watahiniwa wengi. JPEG ni kiwango cha mwaka 1992. Hupunguza ukubwa wa picha kwa kutupa taarifa ambazo jicho halizioni kwa urahisi. PNG, ya mwaka 1996, haitupi kitu, hivyo hufaa zaidi michoro na maandishi. Google ilitoa WebP mwaka 2010, na HEIC ikaingia kwenye simu za iPhone mwaka 2017. Kubadili jina la faili kutoka .heic kuwa .jpg si kubadili muundo, ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Ili muundo ubadilike, lazima programu isome pikseli zote za picha na kuziandika upya kwa kanuni nyingine.

Swali la faragha linatokea hapo: programu hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta ya nani?

Katika njia ya kwanza, inafanya kazi kwenye seva ya mwenye tovuti. Picha yako inasafiri hadi huko, inabadilishwa, kisha nakala mpya inarudi kwako. Ile ya awali imebaki kwenye seva. Tovuti nyingi huahidi kuifuta baada ya saa kadhaa, na huenda zinafanya hivyo kweli, lakini wewe huna namna ya kuhakikisha. Cheti cha kuzaliwa kina jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na majina ya wazazi wako. Anayetaka kujifanya wewe hahitaji mengi zaidi ya hayo.

Katika njia ya pili, tovuti inatuma programu kwako badala ya wewe kutuma picha kwake. Kivinjari chako kinapokea programu iliyoandikwa kwa JavaScript au WebAssembly, teknolojia iliyopitishwa na shirika la W3C kuwa kiwango rasmi mwaka 2019, na kazi yote inafanyika ndani ya simu au kompyuta yako. Squoosh, iliyotolewa na watengenezaji wa Chrome mwaka 2018, ni mfano wa aina hii. Njia hii huokoa hata bando: kwenye seva, picha ya megabaiti 4 inayorudi ikiwa na megabaiti 1 imekula megabaiti 5, kwenda na kurudi.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote mbili zinafunguliwa kwenye kivinjari, zote zina kitufe cha kuchagua picha. Usidanganywe pia na alama ya kufuli au herufi https kwenye anwani. HTTPS huilinda picha ikiwa njiani, ili mtu wa katikati asiisome. Ikishafika, mwenye seva anaiona kama kawaida.

Kipimo kipo, na ni rahisi. Fungua tovuti, subiri ukurasa umalizike kupakia, kisha zima data na Wi-Fi. Chagua picha ya majaribio, ya ua au ya kikombe, wala si cheti, halafu jaribu kuibadili. Ikikataa, ni dalili kubwa kwamba inategemea seva. Ikikubali, kazi imefanyika kwako. Unapofika kwenye cheti chenyewe, fanya vivyo hivyo, na ufunge ukurasa kabla ya kuwasha data tena, maana programu iliyobaki wazi inaweza kutuma kitu mtandao ukirudi.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni taarifa zilizofichwa ndani ya picha, ziitwazo EXIF. Kamera ya simu huandika humo tarehe, saa, aina ya simu na, kama umeruhusu, mahali ulipokuwa kwa vipimo vya GPS. Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alikuwa amejificha baada ya kuondoka Belize, ambako polisi walitaka kumhoji. Jarida la Vice lilichapisha picha yake bila kufuta EXIF. Vipimo vilionyesha yuko Guatemala, na siku chache baadaye alikamatwa huko. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta kaumbuliwa na picha! Wewe hujifichi polisi, lakini picha uliyopigia chumbani kwako inaweza kubeba ramani ya kwenu. Kubadili muundo wakati mwingine hufuta EXIF, wakati mwingine huihamisha ilivyo. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.

Sheria ipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini ni kazi ngumu kumfikia kwa sheria hizo mtu asiyejulikana, mwenye seva iliyo bara jingine.

Mara nyingi, hata hivyo, huhitaji tovuti kabisa. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua picha kwa Paint na uihifadhi upya kama JPEG. Kwenye iPhone, mipangilio ya kamera inakuruhusu kupiga kwa JPEG moja kwa moja. Ukifanyia kazi hiyo steshenari, futa cheti chako kwenye kompyuta yao kabla ya kuondoka, na upitie pia kapu la taka.

Swali la mazoezi: Asha amebadili picha ya cheti chake kwenye tovuti yenye https. Anasema hakuna mwingine aliyeiona. Jadili kauli yake. (Alama 6)

Dokezo: eleza kwanza HTTPS inalinda nini, kisha onyesha namna Asha angeweza kujua picha ilibadilishwa wapi.