Pawasoo ikigoma, kibarua kimeota nyasi

Mvua imeangusha mti langoni mwa mteja. Unafika na pawasoo yako, unavuta kamba mara ishirini, kimya! Mteja anatoa simu na kumwita mwenzako. Pesa imeenda hivyo.

Mara nyingi chanzo ni petroli uliyoacha kwenye tangi kwa miezi. Huchacha na kuacha utando unaoziba kabureta. Kwa hivyo, kabla ya kuiweka stoo, mwaga mafuta yote, kisha iwashe ingurume hadi izime yenyewe. Safisha kichujio cha hewa pia.

Siku ya kazi, changanya mafuta mapya. Mashine nyingi za kisasa hutaka mililita 100 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli. Oili ya mnyororo ina tangi lake.

Kuwasha je? Iweke chini, funga breki ya mnyororo, ingiza ncha ya buti kwenye mshikio wa nyuma, vuta choki, kisha kamba. Ikikohoa tu, rudisha choki, uvute tena. Ukizidisha choki, plagi inalowa, ifungue uikaushe.

Na usiiwashe ikining'inia mkononi, bro. Kibarua kingine kitapatikana. Mguu je?