Kipimo Kinachohama: Mazingira ya Saadani Machoni pa Vizazi Vitatu

Kaskazini ya kijiji cha Saadani, mahali paitwapo Mkwaja, pana mbuga ya nyasi na migunga ambamo huonekana twiga, kongoni na tohe. Mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2005, Saadani ilipokuwa Hifadhi ya Taifa, huidhani nchi hiyo kuwa ya wanyamapori tangu asili. Baba yake hakuikuta hivyo. Kuanzia mwaka 1952 hadi 2000 hapo palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe, na maadui waliohesabiwa walikuwa mbung'o na migunga iliyovamia malisho. Mti ambao baba aliuona kuwa kichaka cha kufyekwa, mwana huuona kuwa lishe ya twiga. Babu naye huanza hesabu yake kabla ya ng'ombe kufika.

Nani kati yao asemaye kweli? Wote, na hapo ndipo penye taabu. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alieleza kwamba kila kizazi hukichukua kiasi cha samaki kilichokikuta ujanani kuwa ndicho cha kawaida, kisha hupimia upungufu kutoka hapo. Kipimo chenyewe huhama, na hasara ya zamani husahauliwa. Yafaa ikumbukwe kwamba aliokuwa akiwasema ni wanasayansi wenzake, si wavuvi. Baadaye, katika Ghuba ya California nchini Meksiko, watafiti waliwahoji wavuvi wa vizazi vitatu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionyesha kuwa wazee walitaja aina za samaki zilizopungua mara tano zaidi ya zile walizotaja vijana.

Lakini umri si sababu pekee. Kazi nayo hugawa macho ya watu. Tuchukue mikoko ya mlango wa Mto Wami. Kamba huzaa baharini, na watoto wao huingia katika maji ya mikoko, wakapata chakula na maficho hadi wakue. Kwa hiyo mvuvi wa kamba ana sababu ya kuutetea mkoko. Mchemsha chumvi wa pwani hii huhitaji kuni nyingi, na mjenzi hutaka boriti. Watu hawa waweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Kumwita mmoja mpenda mazingira na mwingine mharibifu hakutuelezi lolote mpaka tujue kila mmoja anapata nini na anapoteza nini mti ukianguka.

Walimu wa Jiografia na Bayolojia waweza kulichunguza jambo hili pamoja na wanafunzi wao. Mzee asiulizwe kama anapenda mazingira, kwani kila mtu atajibu ndiyo. Aulizwe alizaliwa lini, alianza kuvua wapi, samaki gani hawaoni tena, na ilimchukua muda gani kwenda kukata boriti. Majibu yapangwe kwa miongo ya kuzaliwa na kwa kazi, kisha yalinganishwe na kumbukumbu zilizoandikwa, maana uzee nao huupamba ujana.

Waikumbukao Mkwaja kabla ya ranchi wamebaki wachache, na mdogo wao anakaribia miaka 80.