Uvimbe wa Taya Usiokwisha: Usaha Upimwe Kwanza

Kila tunapoandika habari za afya kazini huanza na vumbi na mashine. Safari hii tunaandika juu ya taya. Kuna ugonjwa wa mfupa wa taya ambao ni wa nadra, lakini ukipewa jina lisilo lake mgonjwa huteseka miezi mingi bure.

Ugonjwa huo huitwa aktinomikosisi. Wafugaji wanamjua ndugu yake, ule unaomvimbisha ng'ombe taya mpaka ashindwe kutafuna. Huko Ujerumani, Otto Bollinger alieleza uvimbe huo wa ng'ombe mwaka 1877, na mwaka 1878 James Israel wa Berlin akaeleza ugonjwa wa namna hiyo kwa binadamu. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mkulima huupata kwa kutafuna nyasi au bua. Leo inajulikana kuwa vijidudu vyake hukaa kinywani mwa watu wenye afya bila kuwadhuru, hadi wapate njia: jino lililooza, pengo la jino lililong'olewa, au taya lililovunjika. Kwa hiyo mgonjwa hawaambukizi wenzake kambini, na msimamizi hana sababu ya kumtenga wala kumfukuza kazi.

Uvimbe huanza pembeni mwa taya, mgumu kama ubao, hukua polepole, mara nyingi bila maumivu makali. Baadaye ngozi hutoboka na usaha hutoka. Tundu moja likifunga, jingine hufunguka. Pengine usaha huo huwa na punje ndogo za manjano mithili ya mchanga.

Hapo ndipo watu hupotea. Ugumu wake hufanana na saratani, matundu yake hufanana na kifua kikuu cha tezi. Zahanati nayo huweza kusema ni jipu la jino: vidonge vya siku tano, rudi kazini. Uvimbe hunywea, mtu hushukuru, kisha hurudi. Na vidonge hivyo vichache huharibu kipimo, maana vijidudu vilivyodhoofika havioti tena maabara.

Kwa hiyo usaha uvutwe kwa sindano kutoka ndani, usipanguswe juu ya ngozi, au kikatwe kipande kidogo cha nyama, kabla dawa haijaanza. Punje zikipondwa juu ya kioo na kutiwa rangi, hadubini huonyesha nyuzi nyembamba zenye matawi. Vijidudu hivi havipendi hewa, na huota taratibu mno. Maabara ingoje wiki mbili au zaidi. Jibu la "hakuna kitu" baada ya siku mbili halifai. Eksirei nayo mwanzoni huweza isionyeshe lolote.

Ukishajulikana, penisilini inauweza. Ila mfupa ukiwa umeingiliwa, ni sindano kwa wiki kadhaa, kisha vidonge kwa miezi sita hata mwaka, na mfupa uliokufa huondolewa kwa upasuaji. Mwenye kumeza vidonge aweza kufanya kazi, mradi aachiwe siku za kliniki.

Wawakilishi wa matawi, mnapokaa na mwajiri juu ya zahanati, ombeni hili liandikwe: mwenye uvimbe wa taya uliozidi wiki mbili, au uliorudi baada ya dawa, apewe barua na nauli ya kwenda hospitali yenye maabara na daktari wa meno, na siku hizo zihesabiwe za ugonjwa, zisiandikwe utoro.