Mbao Zisizokubali Kufa: Rekodi za Mashua za Birmingham

Birmingham haina bahari, na mto wake, Rea, ni kijito tu. Hata hivyo mji huu umeishi kwa vyombo vya majini kwa zaidi ya miaka 200. Mtandao wa mifereji yake ulipofikia kilele ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 257, na kiasi cha kilomita 160 bado zinapitika. Wenyeji hujivunia kwamba wana mifereji mingi kuliko Venice. Mimi linalonivuta zaidi ni mashua za mbao zilizopita humo. Rekodi zake atazithamini mtu wa pwani yetu, ajuaye maana ya kukalafati chombo, pengine kuliko mtalii anayepiga picha katika bandari ya mifereji ya Gas Street Basin.

Tuanze na wembamba, kwa maana hapo hazina mpinzani. Mashua ya mizigo ya Birmingham ina urefu wa mita 21 au zaidi kidogo, na upana wa mita 2.1. Urefu mara kumi ya upana! Jahazi la vipimo hivyo lingepinduka kwa wimbi la kwanza nje ya Shela, Lamu. Lakini mhandisi James Brindley, ambaye mfereji wake ulianza kuleta makaa ya mawe Birmingham mwaka 1769, hakuwa na hofu ya mawimbi. Hofu yake ilikuwa maji kumwishia. Mfereji unapanda mwinuko kwa vyumba vya malango, na kila mashua inayopita lango moja huteremsha zaidi ya lita 100,000. Chumba chembamba humeza maji machache, basi mashua nazo zikabanwa zienee humo.

Hata hivyo maji hayakutosha. Mwaka 1779 ukafungwa pale Smethwick mtambo wa mvuke wa Boulton na Watt, kazi yake kuyarudisha juu maji yaliyokwisha kushuka. Ulifanya kazi hadi 1891. Leo umo katika makumbusho ya Thinktank mjini Birmingham, na ndio mtambo wa mvuke mkongwe kuliko wote duniani ambao bado unaweza kuwashwa ukaenda.

Kwa wingi, ushindi ni wa mashua zilizoitwa joey. Hazikuwa na nakshi wala makazi, kwa kuwa zilibeba makaa safari fupi na wanaume walirudi kulala kwao. Nyingi ziliundwa na ncha mbili zinazofanana. Zikifika mahali pasipo na nafasi ya kugeuza, usukani ulihamishwa upande wa pili, na omo ikawa tezi. Mmoja wa mifano ya mwisho ya mbao, Birchills, iliundwa Walsall mwaka 1953 na sasa imehifadhiwa Dudley, katika makumbusho ya Black Country Living Museum. Wageni wengi huipita wakiharakia zile zenye waridi na ngome zilizochorwa kwenye milango. Nawasikitikia, kwa sababu makaa yaliyoulisha mji yalibebwa na joey.

Zenye waridi nazo zina rekodi yao, ya nyumba ndogo. Familia nzima iliishi katika chumba cha mita tatu kwa mbili, jiko na kitanda cha kukunja vikiwa humo humo, hata Bunge likalazimika kutunga sheria za afya na masomo ya watoto wa mashua mwaka 1877 na 1884.

Kwa ukubwa Birmingham haishindani. Chombo kikubwa kuliko vyote cha mbao cha umbo la jahazi kiko Kuwait: Al-Hashemi II, mita 83.75, kilichoandikwa katika kitabu cha Guinness. Hakijawahi kushushwa majini, na kwangu mimi chombo ambacho hakijapata kulowesha mbao zake bado kina deni.

Mashua iliyofanya makubwa kuliko zote haikubeba shehena yoyote ya kutajwa katika enzi yake ya umaarufu. Ilikuwa Cressy, ya mwandishi Tom Rolt, iliyotia nanga Tardebigge, kusini mwa Birmingham, tangu 1941 hadi 1946. Hapo pana ngazi ya malango ya mfereji iliyo ndefu kuliko zote Uingereza: malango 30 mfululizo, yanayopanda mita 67. Kitabu cha Rolt, *Narrow Boat*, kilitoka 1944. Mwaka uliofuata mmoja wa wasomaji wake, Robert Aickman, alimfuata mashuani, na mazungumzo yao yakazaa, mwaka 1946, jumuiya ya kuitetea mifereji iliyokuwa ikifukiwa moja baada ya nyingine. Cressy yenyewe haikunusurika. Mwaka 1951 mbao zake zilikaguliwa zikaonekana zimechoka, nayo ikazamishwa.

Ya mwisho ni Raymond, iliyoundwa Braunston mwaka 1958, mashua ya mwisho ya mbao ya kukokotwa iliyotengenezwa kwa biashara. Ilikuwemo katika safari za mwisho za kawaida za masafa marefu, za kupeleka makaa kutoka Atherstone hadi kiwanda cha jemu magharibi mwa London, zilizokoma Oktoba 1970. Ilioza, ikaundwa upya. Na kongwe ni Maria, iliyoundwa Marple, kaskazini zaidi, mwaka 1854.

Maria imefikaje umri huo? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana rekodi zote nilizotaja zimesimama juu ya kazi ya kuukuta ubao umeoza na kuubadilisha kabla haujawaozesha jirani zake.

Mbavu za mashua hizi ni mwaloni. Mbao hupikwa kwa mvuke ndani ya sanduku refu mpaka zilegee, kisha mafundi hukimbia nazo na kuzibana kwenye mataruma kabla hazijapoa. Viungo hujazwa nyuzi za kamba kuukuu na lami. Kwa ndani hupakwa chalico, mchanganyiko wa moto wa lami, manyoya ya ng'ombe na kinyesi cha farasi. Fundi wa Lamu aliyezoea sifa ya papa na shahamu yenye chokaa hatashangaa harufu.

Kitakachomshangaza ni adui. Kwetu chombo huliwa kutoka chini, na wadudu wa maji ya chumvi wanaotoboa mbao. Birmingham hakuna wadudu hao. Huko mwangamizi ni mvua, inayopenya juu na kuozesha mbao ambazo chumvi haijazilinda, ilhali sehemu iliyo chini ya maji hudumu. Ndiyo maana mashua isiyo na wa kuitunza mara nyingine huzamishwa kwa makusudi mpaka fedha za matengenezo zipatikane. Ikiachwa nchi kavu, mbao hukauka na kuachana.

Sakafu ilipangwa kwa mbao nene za mti wa elm, ambao ukikaa majini siku zote hauozi. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa kuvu unaoenezwa na mende wa magome uliua mamilioni ya miti hiyo Uingereza, na mbao ndefu za elm zikawa adimu. Kati ya mbao ngumu ambazo mafundi wa boti wa Uingereza huzitegemea leo ni iroko kutoka Afrika. Jina lake huku kwetu ni mvule, nao umekatwa sana hata mafundi wetu wenyewe wanaupata kwa shida.